Lami Imefika, Wazee Wapite Wapi?

Kwa miaka mingi wakazi wa mitaa ya Dar es Salaam waliomba jambo moja katika kila mkutano, nalo ni lami. Waliomba kwa haki. Mwenye nyumba aliyekula vumbi kiangazi kizima, na mama aliyembeba mtoto mgonjwa mgongoni akivuka madimbwi ya masika kwa kuwa gari halikuweza kuingia, hawahitaji kuhubiriwa faida ya barabara nzuri. Na katika mitaa mingi ombi hilo limejibiwa. Mradi wa kuendeleza jiji ujulikanao kwa herufi za DMDP, ulioanza mwaka 2015, ulitandaza lami katika barabara nyingi za ndani za Temeke, Ilala na Kinondoni, ukajenga mitaro na kusimamisha taa. Sisi tulishangilia pamoja na wananchi wengine, wala hatujutii shangwe ile.

Lakini lami ilipoingia mtaani iliingia na mwendo. Njia ya mchanga yenye mashimo ilikuwa na taabu zake zote, ila ilikuwa na wema mmoja ambao hapana aliyepata kuushukuru: ilimlazimisha kila dereva, apende asipende, kwenda polepole. Shimo lilikuwa askari asiyelala. Siku lilipofukiwa, askari yule aliondoka zamu, na katika mitaa mingi hapana aliyewekwa mahali pake.

Wa kwanza kuona badiliko hilo ni mzee. Kijana huruka pembeni; mtoto hushikwa mkono na nduguye; mzee hubaki na fimbo yake baina ya ukingo wa lami na mtaro ulio wazi. Zamani alipita katikati ya njia, akasimama kuamkiana na jirani, akapumzika chini ya mwarobaini, kisha akaendelea na safari yake. Leo njia ile ile aliyoipita kwa miaka arobaini imekuwa si yake tena. Tumemwona bibi mmoja akisimama ukingoni kwa muda wa kutosha kuchemsha chai, akitafuta nafasi ya kuvuka kwenda dukani. Alipochoka kungoja aliuinua mkoba wake juu kama mtu apungaye bendera, akajitoma barabarani huku akimtaja Mungu. Pikipiki ya kwanza ilimkwepa kwa mbele, ya pili kwa nyuma. Alipofika ng'ambo alicheka. Sisi hatukuweza kucheka.

Hebu tufanye hesabu, maana jambo hili lina hesabu yake na wengi wetu hatujapata kuifanya. Chukua barabara ya mtaa yenye upana wa mita 6. Mzee mwenye magoti mabovu, atembeaye kwa fimbo, huenda akapiga sentimita 60 kwa sekunde moja. Basi atahitaji sekunde 10 kuvuka. Katika sekunde 10 hizo pikipiki iendayo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 140. Maana yake ni kwamba, ili avuke kwa salama, mzee huyo hana budi kuiona pikipiki ingali mita 140 mbali naye, na kuitambua kwa macho ambayo pengine yana mtoto wa jicho. Ni mitaa mingapi ya kwetu ambayo mtu aweza kuona mbali kiasi hicho? Baina yake na ile pikipiki pana kona, pana ukuta wa jirani, pana lori la mchanga lililoegeshwa, pana kibanda cha chipsi. Lakini mwendo ukishuka hadi kilomita 20 kwa saa, masafa yale huwa mita 56 tu. Mzee ni yule yule na macho ni yale yale. Kilichobadilika ni mwendo wa mtu mwingine.

Katika nchi nyingi taa za kuvukia barabara hupangwa kwa kudhani kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Watafiti wa Uingereza waliwapima watu wa miaka 65 na zaidi wakaona kwamba walio wengi hawafikii mwendo huo. Ikiwa kipimo hicho kinawashinda wazee wa nchi yenye njia za miguu zilizosakafiwa, mzee wa Mbagala au wa Manzese, apitaye kwenye kokoto na vifuniko vya mtaro vilivyovunjika, atakiwezaje?

Na kuona peke yake hakutoshi, kwa sababu dereva naye apaswa kuweza kusimama. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza kinawafundisha madereva kwamba gari iendayo kilomita 48 kwa saa huhitaji mita 23 ili kusimama, na iendayo kilomita 32 huhitaji mita 12. Hiyo ni gari yenye breki nzima, juu ya lami kavu, na dereva aliye macho. Tunawaachia wasomaji wetu wakadirie pikipiki yenye tairi iliyokwisha kashata, abiria wawili na gunia la mkaa, katika manyunyu ya jioni.

Tena pigo moja halina thamani moja kwa watu wote. Kijana akigongwa na kuangushwa aweza kuinuka akachechemea, akatukana, akaenda zake. Mzee akianguka vivyo hivyo huvunjika nyonga, na wengi wanajua, kwa kuwa wameyaona nyumbani mwao, jinsi nyonga iliyovunjika inavyomgeuza mtu aliyekuwa akitembea mwenyewe kuwa mtu wa kugeuzwa kitandani. Binti huacha biashara yake ili amuuguze. Mjukuu hukosa ada. Ajali ya nusu sekunde hula akiba ya nyumba nzima, na pengine hakuna hata jalada la polisi lililofunguliwa, kwa sababu aliyemgonga ni mtoto wa jirani na mambo yalimalizwa kwa radhi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo cha mwendo mahali penye makazi. Kikomo hicho kwa barabara kuu ya mjini kina maana yake. Kwa mtaa wa ndani, wenye milango ifunguliwayo moja kwa moja barabarani, ni kikubwa mno. Mwezi Februari 2020 mawaziri na wajumbe wa nchi nyingi walikutana Stockholm, huko Uswidi, wakakubaliana kwamba mahali ambapo magari huchanganyika kila siku na waendao kwa miguu mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, ila pale penye ushahidi wa nguvu kuwa mwendo mkubwa zaidi ni salama. Mwezi Agosti wa mwaka ule ule Umoja wa Mataifa ukayaunga mkono maazimio hayo. Nao hawakuyatoa hewani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao walikuwa watu wasio na bati la gari la kuwakinga: waendao kwa miguu, wapanda baiskeli, na wapanda pikipiki.

Lakini kibao chenye tarakimu 30 hakimsimamishi mtu. Twavijua vibao vyetu: kimoja kimebandikwa tangazo la mganga, kingine kimefunikwa na mwembe, kingine kimekwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Kinachopunguza mwendo ni umbo la barabara lenyewe: tuta lililojengwa kwa kipimo, kona iliyokazwa isiweze kukatwa kwa kasi, njia iliyofinywa mahali pa kuvukia, kivuko kilichoinuliwa kikawa sawa na njia ya miguu. Dereva haulizwi kama ni mtu mwema au mbaya. Barabara humwambia.

Jambo hili si geni katika jiji letu. Shirika la Amend lilianza Dar es Salaam kazi ya kutengeneza njia za shule: kutafuta shule ambazo watoto wake huumia zaidi, kujifunza watoto hupita wapi, kisha kujenga njia za miguu, matuta, vivuko, vizuizi vya magari, na mahali pengine hata kuhamisha lango la shule likafunguka upande ulio na salama. Watafiti walipopima waliona kwamba watoto walioumia walipungua kwa kadiri ya robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ross, itolewayo kwa mambo yaliyobadili miji ulimwenguni. Yafaa tujivunie kwamba jambo lililoanzia kwetu lilitazamwa na wengine kama mfano.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Shule ina lango. Mhandisi akija saa moja asubuhi akasimama langoni, kwa nusu saa atajua watoto wanatoka wapi na wanavuka wapi. Mzee hana lango. Hana kengele wala sare. Huyu huenda zahanati Jumanne, yule huenda msikitini mara tano, mwingine huenda kanisani Jumapili na katikati ya juma kwenye jumuiya. Bibi huyu hufuata maziwa, babu yule hufuata bao chini ya mkungu. Hawapiti saa moja wala njia moja. Mhandisi aweza kusimama siku nzima na daftari lake asiwaone, akarudi ofisini akaandika kwamba mtaa huo hauna waendao kwa miguu wa kutosha kustahili kivuko.

Tena liko jambo baya zaidi ya hilo. Wako wazee ambao hawaonekani barabarani kwa sababu wamekwisha kuacha kutoka. Waliponea chupuchupu mara mbili tatu, wakaamua kubaki uani. Watoto wao hudhani ni uzee tu umewashika. Katika hesabu za ajali hawamo, kwa sababu mtu aliyejifungia ndani hagongwi. Basi mtaa usio na ajali waweza kuwa mtaa ambao wazee wake wamekwisha kushindwa, na takwimu zikausifu kuwa salama. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kuwa mzee mtu aliyefikia miaka 60, na inasema juu ya matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza. Matibabu bila malipo yana faida gani kwa mtu ambaye zahanati iko ng'ambo ya barabara asiyothubutu kuivuka?

Ni nani basi ajuaye kwamba bibi fulani ameacha kwenda sokoni? Si wizara, wala si mhandisi. Ajuaye ni jirani. Ajuaye ni balozi wa nyumba kumi, muuza genge, muadhini anayeona safu imepungua, mama wa jumuiya anayeona kiti kitupu. Kwa sababu hiyo sisi twasema kwamba kazi ya kupunguza mwendo mitaani haiwezi kuanzia kwenye ramani ya ofisini. Haina budi kuanzia kwenye mkutano wa mtaa, na wazee wawe ndio wasemaji wakuu, si wa kukalishwa mbele kwa heshima kisha wakasemewa na vijana.

Namna ya kuanza si ngumu. Watu wanne watano wa mtaa watembee pamoja na wazee kwa juma moja, kwa mwendo wa wazee wenyewe, wakiandika mambo machache. Mzee husimama wapi kungoja? Hurudi nyuma wapi? Hulazimika wapi kushuka kwenye njia ya miguu na kuingia barabarani, na ni kitu gani kilichomshusha? Wapi hapana pa kupumzika? Na wale waliobaki ndani wafuatwe ndani, waulizwe ni mahali gani hasa palipowatia hofu. Daftari la juma hilo litakuwa na habari ambayo hapana kifaa cha kuhesabu magari kiwezacho kuitoa.

Mambo mengi yatakayoonekana hayahitaji mhandisi hata kidogo. Rundo la mchanga la mtu ajengaye, lililokaa juu ya njia ya miguu tangu mwaka jana, lahitaji mwenyewe kuambiwa na majirani zake. Gari lililoegeshwa pembeni mwa kona likaziba macho ya avukaye lahitaji kusogezwa hatua kumi. Tawi likatwe. Kifuniko cha mtaro kilichovunjika kifinyangwe upya. Wako mafundi zege katika kila mtaa, na michango tunayotoa kwa ajili ya harusi ingetosha vifuniko vya mtaa mzima. Benchi mbili chini ya kivuli, katikati ya safari ya kwenda zahanati, ni kazi ya seremala ya siku moja. Twataja benchi kwa makusudi, kwa sababu mzee aliyechoka huvuka vibaya kuliko aliyepumzika, na watu wengi hawaoni uhusiano wa mambo hayo mawili.

Lakini tuta ni jambo lingine. Hapa hatuna budi kusema waziwazi, hata kama baadhi ya wasomaji watachukia. Tunafahamu kwamba katika mitaa kadha, baada ya mtu kugongwa, wananchi wamejitolea usiku kumwaga kifusi au zege barabarani, au kufukia gogo na matairi ya zamani. Hatuwadharau. Uchungu wao ni wa haki, na mara nyingi walikuwa wamekwisha kuandika barua zisizojibiwa. Hata hivyo tuta la namna hiyo huumiza watu wale wale lililokusudiwa kuwalinda. Halikupakwa rangi, basi mwendesha pikipiki mgeni hulikuta gizani akarushwa juu ya waendao kwa miguu. Huzuia maji, na masika yakija nyumba za upande wa juu huingiliwa. Mzee hujikwaa juu yake. Mgonjwa apelekwaye hospitali kwa bajaji hutikiswa mpaka akalia. Na barabara ina mwenyewe kwa sheria: tangu mwaka 2017 barabara za mitaa yetu ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, na hapana ruhusa ya kuzibadili bila wakala huyo.

Wazee wenyewe, wakiulizwa, mara nyingi hawaombi matuta mengi. Tumewasikia wakilalamikia yale matuta madogo madogo ambayo madereva huyaita rasta, kwamba yanawavunja migongo ndani ya daladala. Wanachotaka ni mahali pawili au patatu pa kuvukia palipo pa hakika, ambapo dereva analazimishwa na barabara kupunguza mwendo. Kivuko kilichoinuliwa, kipana, chenye mteremko mpole na rangi inayoonekana usiku, hufanya kazi hiyo bila kuwatesa waliomo garini. Huu ni ushahidi mwingine kwamba mtu asidhani anajua shida ya mzee kabla ya kumuuliza.

Katika nchi nyingine mambo haya yalikwisha kujaribiwa. Mjini Delft, katika Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1960 palianza mitaa iliyotengenezwa ili gari liwe mgeni na mwenda kwa miguu awe mwenyeji, na mwaka 1976 serikali ya nchi hiyo ikaiingiza katika sheria. Singapore tangu mwaka 2014 imetenga maeneo yenye wazee wengi, ikafinya barabara zake na kuweka kisiwa katikati ili mzee avuke nusu, apumue, kisha amalizie nusu iliyobaki. Huko pia, tangu mwaka 2009, mzee aweza kugusisha kadi yake kwenye nguzo ya taa akaongezewa sekunde za kuvuka. Hatusemi tuige kadi hizo. Mitaa yetu mingi haina hata taa. Kisiwa cha katikati, lakini, ni zege na mawe, na zege na mawe tunavyo.

Sasa tuwageukie madereva, na hasa vijana wa bodaboda, kwa kuwa ni rahisi mno kuwafanya wao ndio shetani wa habari hii. Kijana huyo ni mfanyakazi. Pikipiki nyingi si za wanaoziendesha. Kila jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye chombo, na hesabu haisikilizi kwamba leo mvua imenyesha au abiria wamekuwa haba. Kila dakika anayoiokoa barabarani ni sehemu ya safari inayofuata. Mwendo wake una mnunuzi, na mnunuzi ni yule aliyepanga kiwango cha hesabu.

Miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wamo watumishi na wafanyakazi wenye pikipiki mbili au tatu mtaani, walizozinunua kwa mkopo ili ziwasaidie kupata riziki. Hatuwalaumu kwa kuzinunua. Tunawauliza tu: mlipopanga hesabu, mlikadiria kijana aende mwendo gani ili aipate? Na sisi tunaopanda, ni mara ngapi tumemgusa bega tukamwambia akaze, tumechelewa kazini? Tukimpiga mawe siku amgongapo mzee, miongoni mwa mawe yale kuna yanayotupasa sisi.

Lakini kijana naye asijifiche nyuma ya hesabu, maana ndani ya mtaa haraka yake haimpi kitu. Mtaa wenye urefu wa mita 400, ukipitwa kwa kilomita 50 kwa saa, huchukua sekunde 29. Ukipitwa kwa kilomita 20, huchukua sekunde 72. Tofauti haifiki dakika moja, na abiria huipoteza hiyo hiyo akitafuta chenji. Haraka na aifanye huko barabara kuu, kwa kiasi cha sheria. Vijiwe vya bodaboda vina viongozi wao na vina kanuni zao za foleni, na kanuni hizo zinaheshimiwa kuliko nyingi za serikali. Kijiwe kikiamua kwamba ndani ya mtaa wake hapana apitaye zaidi ya mwendo fulani, na mkosaji hukosa zamu, mwendo utashuka mapema kuliko tuta litakavyojengwa. Kijana wa kijiweni, tukumbuke, mara nyingi ndiye ampelekaye bibi huyo huyo hospitali usiku wa manane.

Wako watakaotuambia kwamba tunataka anasa. Watasema kwamba mitaa mingi ya jiji lenye watu 5,383,728, kwa sensa ya mwaka 2022, haijapata lami hata moja, na fedha zitumike huko kwanza. Tunayasikia maneno hayo na hatuyapuuzi. Lakini hatuombi fedha ziondolewe kwenye barabara mpya. Tunaomba barabara mpya zichorwe vizuri tangu mwanzo. Kivuko kilichoinuliwa kikiwemo katika mchoro, mkandarasi hukijenga kwa lami ile ile, mitambo ile ile na wiki ile ile. Kikisahauliwa, kitarudiwa baadaye kwa mkandarasi mwingine, zabuni nyingine na gharama nyingine, na katikati ya siku hizo mbili watu watakuwa wamekwisha kuvunjika. Mtaa ambao haujapata lami ndio wenye bahati ya kusema mapema.

Kwa hiyo wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, ambao wana miaka mitano ya kutumikia, wana kazi hapa. Mchoro wa barabara usipite mtaani kama siri. Mwenyekiti auombe, aubandike ofisini kwake, na katika mkutano wa wakazi aulize swali moja kabla ya mengine yote: wazee watavukia wapi? Mhandisi wa TARURA naye akiletewa daftari la mtaa, lenye mahali, saa na sababu, asilipokee kama malalamiko. Hiyo ni kazi ya upimaji aliyofanyiwa bure. Alijibu kwa maandishi na kwa tarehe: hapa patajengwa mwezi fulani, hapa haiwezekani kwa sababu fulani, hapa tutajaribu kwanza kwa mapipa na rangi tuone. Ni kukosa majibu, kuliko kukosa fedha, kulikowafanya watu watoke usiku na machepe.

Na siku mhandisi atakapokuja kukagua, asikaribishwe ofisini kwa soda kisha akaonyeshwa barabara kutoka dirishani mwa gari. Apewe mzee mmoja wa kumshika mkono, yule bibi wa mkoba kama atakubali, watembee pamoja kutoka mlangoni pake mpaka zahanati na kurudi, saa kumi na mbili jioni, magari yanaporejea. Asimharakishe.